Rukiya Awatunza Waayalandi

Huwezi kumjua Rukiya binti Aboud bila kuijua meza yake, basi tuanze na meza.

Duka la ushonaji la Humam liko Satwa, mjini Dubai, kwenye kichochoro cha mafundi, kati ya muuza vifungo na gereji inayonuka mpira. Mbele pana kioo kikubwa, na nyuma ya kioo pana meza moja tu inayopata jua. Anayekaa pale anauona mtaa mzima, na mtaa mzima unamuona yeye. Mteja akisukuma mlango, wa kwanza kusalimiwa ni yeye. Mafundi wengine wako ndani kabisa, chini ya taa nyeupe, wanapinda suruali za watu wa maofisini kutwa nzima, na hakuna anayewauliza hata jina.

Rukiya alikuja Dubai kutoka Unguja na cheti chake cha darasa la saba, kulea watoto wa shangazi yake. Watoto wakilala, alikuwa akiifunua cherehani ya shangazi. Akaharibu pazia, akaharibu jingine, la tatu likasimama. Kutoka mapazia akaenda kwenye vifungo, kutoka vifungo akaenda kwenye mikono ya magauni, mpaka siku moja akafika kwenye kioo cha Humam, akakaa kama msumari. Aliolewa akaachika, akaolewa tena akafiwa. Waume walipita, meza ikabaki. Mwenyewe husema hakuna mwanamume aliyewahi kumpa mwanga kama ule.

Sasa meza ilitaka kumponyoka, na aliyekuwa akiivuta upande wa pili ni Sundus.

Sundus ni mwanamke wa Mombasa, mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe kabatini. Zamani alikaa kwenye cherehani ya pili duka hilohilo, na wawili hao walikuwa mashoga wa kula sahani moja. Kisha katika harusi fulani mkono wa gauni la bibi harusi ukaachia ukumbini, bibi harusi mwenyewe ameuinua kupungia wageni. Nani aliushona mkono ule? Rukiya akasema Sundus. Sundus akasema Rukiya. Mpaka leo mkono hauna mwenyewe. Sundus akahamia duka la mkabala, ng'ambo ya barabara, akaweka cherehani yake kwenye kioo cha kule, na tangu siku hiyo wanashona wakitazamana.

Basi Humam, mwenye duka, mzaliwa wa hapahapa anayesema Kiswahili alichoachiwa na bibi yake, akamwita Rukiya pembeni.

"Bi Rukiya, Bi Nada anamwoza binti yake. Gauni la bibi harusi, gauni la mama, sare za ndugu wote. Naitaka kazi ile."

"Nani asiyeitaka?"

"Sikiliza basi. Ikija kwetu, meza ni yako mpaka uichoke mwenyewe. Ikienda kule mkabala, namrudisha Sundus, nampa kioo. Wewe utahamia ndani."

"Ndani? Kwenye suruali?"

"Suruali nazo ni nguo."

"Arbab! Bosi wangu, mimi nikae kizani nihesabu visigino vya wanaume mpaka nife?"

"Khalas, nimeshasema," Humam akajibu, akajitia kutazama simu.

Bi Nada si mtu wa kubembelezwa. Ni wa zile familia za Kizanzibari zilizokaa Bur Dubai tangu enzi za wazee wao, na kitambaa hununua mwenyewe: hukivuta, hukinusa, hukigeuza kuangalia mgongo wake. Rukiya alipomwendea na maneno matamu, alikatwa katikati.

"Mwenzangu, maneno hayohayo nimeyasikia hapo mkabala. Mimi siamini mdomo, naamini mshono. Na mkono ule ulioachia, hakuna kati yenu aliyenipa jibu."

Rukiya akiwa katika dhiki hiyo ndipo Madam Harriet alipoingia dukani.

Harriet ni mtu wa Ayalandi, mwalimu mstaafu, mrefu, mwekundu, mwenye nywele kama pamba iliyochambuliwa na mtu mwenye haraka. Yeye na wenzake waliokuja kufanya kazi Dubai wana kikundi cha kuigiza michezo ya kwao. Alitaka magagulo mekundu ya sufu, mashali, vizibao vya wanaume. Vyote vipya, na vyote vionekane vikuukuu.

"Madam, nishone kipya kisha nikichakaze?"

"Ndiyo. Na viraka uweke."

"Viraka juu ya nini, na hakuna kilichotoboka?"

"Toboa kwanza."

Rukiya alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa, kisha akamtilia chai. Na huyo Harriet, ukishampa chai ya maziwa yenye iliki, haondoki. Akakaa kwenye kigoda akaeleza, kwa Kiingereza ambacho Rukiya alikwisha kukizoea kwa wateja.

Kwao, zaidi ya miaka mia iliyopita, Waingereza walikuwa wakitawala, na michezo iliyooneshwa kumbini ilikuwa ya Waingereza. Muayalandi akiingia humo, basi ni mlevi wa kuchekwa. Wakatokea watu wachache wakasema basi, tutakuwa na ukumbi wetu, tutatunga michezo yetu, ya wakulima na masikini wetu, kwa maneno yao wenyewe. Alikuwapo mshairi wa miwani, aliyetembea kama dunia nzima ni sebule yake. Alikuwapo mama mjane wa jumba kubwa la shamba, aliyejifunza lugha ya wanakijiji ukubwani, akakusanya hadithi zao nyumba kwa nyumba, na waigizaji akiwapelekea keki kubwa ya zabibu.

"Huyo namwelewa," Rukiya alisema. "Mchezo bila chakula ni kikao cha ofisi."

Na alikuwapo kijana mmoja mkimya, aliyekwenda kukaa visiwani kusikiliza watu wanavyosema. Huyo, katika nyumba moja aliyofikia, aliukuta ufa kwenye sakafu ya chumba chake, na chini ya ufa ni jiko. Akawa anategesha sikio hapo, anasikiliza wajakazi wanavyozungumza, na maneno yao yakamsaidia kutunga michezo.

"Mdaku!" Rukiya akapiga kofi. "Mwanamume mzima! Na wale wasichana walijua?"

"Sidhani."

"Angekuwa kwetu, angemwagiwa maji ya vitunguu."

Harriet akasema maji ya vitunguu yalikuwa nafuu. Mchezo mmoja wa kijana huyo ulipooneshwa, watazamaji waliona wametukanwa. Wakulima wetu si hivi, wanawake wetu hawasemi hivi! Wakapiga miguu sakafuni, wakapuliza tarumbeta, polisi wakaja. Na lililowasha moto zaidi ni neno moja lililotamkwa jukwaani: shimizi.

"Shimizi hii ya ndani?"

"Hiyohiyo."

Rukiya akalifikiria jambo hilo kifundi. "Ilikuwa imeshonwa vibaya?"

Harriet alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akasikitika. "Siku hizi tunaigiza, watu wanapiga makofi ya adabu, wanakwenda kula. Hakuna hata mmoja anayesimama."

Akawa anakuja kila mara. Mara kupima, mara kuangalia viraka, mara bila sababu yoyote. Na Rukiya, mdomo wake haujui kwamba kuna mgeni. Akimwona Sundus anamtoa mteja kwa mbwembwe kule mkabala, hutupa neno kwa Kiswahili.

"Umesemaje?" Harriet huuliza.

"Nimesema, yule akikushonea gauni, usipumue. Ukipumua, harusi imekwisha."

Harriet hulirudia polepole, kama anayeonja mchuzi. Hakuwahi kuandika hata herufi, alikunywa chai tu. Rukiya akamhesabu kuwa mama mpweke anayependa mazungumzo. Mchezo wenyewe alijua tu kwamba Harriet ameutunga mwenyewe kwa kufuata wale wa zamani, na kwamba ndani yake mna kisiwa, upepo na watu wasio na viatu.

Lakini kichwa cha Rukiya hakikukaa bure. Jukwaani kuna taa kali, alijiambia, na penye taa kali mshono hauna pa kujificha. Gagulo la Edna, nesi aliyepewa nafasi ya mama mwenye ulimi, akalishona mara mbili na kulikunjia ncha ndani, mtu asione hata nyuzi. Kisha akamwomba Harriet viti viwili, akampigia simu Bi Nada.

"Bi Nada, wewe huamini mdomo. Njoo basi uone mshono wangu ukitembea."

Ukumbi ulikuwa wa shule moja huko Bur Dubai. Rukiya alifika mapema, amejifukiza udi, amevaa buibui jipya la mawimbi. Bi Nada akaja. Nyuma yake akaja Sundus.

"Nimemleta na mwenzio," Bi Nada alisema, kama anayezungumzia mwavuli. "Nataka jicho la fundi mwingine."

"Hujambo shoga," Sundus akasema, akajibwaga kwenye kiti. "Nimekuja kutazama matambara."

Taa zikazimwa. Pazia likafunguka, na Rukiya akaona vibanda viwili vya mawe, kimoja huku kimoja kule, na kila kibanda kina mwanamke dirishani anashona. Wanashona wakitazamana. Huku ni Edna, peku, na gagulo jekundu. Kule ni mwanamke mmoja mnene, mfanyakazi wa benki, mwenye kicheko. Rukiya akaona kitu kinafanana na kitu, lakini Sundus hakumpa nafasi ya kukifikiria.

"Pindo limepanda kushoto," alinong'ona.

"Mguu ndio mfupi."

"Mhh. Na mkono vipi, utafika mwisho wa mchezo?"

Rukiya akauma midomo. Na ndipo Edna alipoinuka, akashika kiuno, akatazama kibanda cha pili, akasema kwa Kiingereza chao kile cha kuimba:

"Yule mwanamke akikushonea gauni, usipumue! Ukipumua, harusi imekwisha!"

Ukumbi ukacheka kwa adabu.

Sasa, mtu aliyekulia kwenye taarab hahitaji kuelezwa kilichotokea kwenye miguu ya Rukiya. Kwetu mwimbaji akitamka ubeti uliokugusa, ubeti unaomfaa mbaya wako, hukai. Unanyanyuka na noti yako, unakwenda mbele kwa mikogo, unamtunza, na njiani unahakikisha mwenye kuambiwa anajua ni yeye. Hiyo ndiyo heshima ya maneno. Na haya hayakuwa maneno ya kumgusa Rukiya tu. Yalikuwa yake! Yametoka kinywani mwake, yamevaa gagulo alilolishona kwa mkono wake, yanasemwa chini ya taa mbele ya Sundus na Bi Nada. Hata angekuwa amefungwa kamba asingekaa.

Akaenda. Akapita kati ya viti kwa madaha, noti juu, kiuno kinahesabu. Mbele ya Sundus akasimama kidogo, akambinulia mdomo. Akapanda jukwaani, akamzunguka Edna, akampachika noti kwenye shali. Edna, ambaye kazini kwake ameshaona mengi, alisimama kama nguzo ya umeme. Pembeni ya pazia, Harriet ameshika kichwa.

Yule wa benki hakujua la kufanya, akashika lililo kichwani mwake, yaani mstari wake uliofuata. Akaupayuka kwa hofu:

"Na ulimi wake yule una mita nyingi kuliko utepe wake!"

Rukiya akageuka. Neno hilo hakulijua, lakini mkono uliolishona aliujua. Akatazama chini. Sundus alikuwa mdomo wazi, kisha mdomo ukafunga, kisha ukatoa meno yote. Ah! Kumbe Harriet akimaliza chai ya Rukiya alikuwa akivuka barabara kunywa ya Sundus!

"Hilo langu!" Sundus akapiga ukelele, na huyo akanyanyuka, noti mkononi, viti vinampisha vyenyewe. Akapanda, akamtunza wa benki kwenye shali, akajitingisha mbele ya Rukiya. Rukiya akajitingisha mbele ya Sundus. Katika kurudi nyuma kwa mbwembwe, Sundus, na uzito wake wote aliojaliwa, akakanyaga gagulo jekundu la Edna na kubaki juu yake.

Edna naye ndiyo kwanza alikuwa amezinduka. Akakumbuka mchezo unamtaka aende dirishani. Akaenda. Gagulo halikwenda.

Sufu ilivutika. Mshono wa kiunoni ukakaza kama ngozi ya ngoma. Rukiya aliona maisha yake yote yamening'inia hapo: kioo, jua, mtaa, na nyuma yake mlima wa suruali. Edna akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetaka kupiga ukelele, kifua kikajaa mpaka shali likapanda.

Akapumua.

Hakuna kilichoachia. Wala uzi. Sundus ndiye aliyeteleza, akakaa kitako kwenye kibanda cha mawe, na kibanda, ambacho kilikuwa cha kadibodi, kikakaa naye.

Ndipo wakaona mtu wa tatu anapanda. Bi Nada, miwani puani, mkoba kwapani. Hakumtunza mtu. Aliinama mbele ya umati wote, akalishika gagulo, akaligeuza, akaupitisha mshono kidoleni kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo, naye Edna amesimama mikono juu kama anayepekuliwa uwanja wa ndege.

"Mara mbili," Bi Nada alisema. "Na ncha zimekunjwa."

Akashuka, akaenda kukaa.

Ukumbi wa Waayalandi ukapasuka. Walipiga miguu, wakapiga mbinja, mzee mmoja akasimama juu ya kiti akilia kwa kicheko. Upande wa huku ukashika upande wa Edna, upande wa kule ukashika wa benki. Kila mstari ulipotoka watu walipokea kwa kelele, na mchezo ukaendelea hivyo mpaka mwisho, kibanda kimoja kimesimama na kimoja kimelala.

Baada ya pazia Harriet alimfuata Rukiya, macho mekundu, haijulikani ni kwa kulia au kwa kucheka.

"Bi Rukiya, umekasirika?"

"Madam, wewe ndiye mdaku wa ufa. Mimi ndiye jiko!"

"Ndiyo. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Maneno nimesamehe, umeyavalisha vizuri. Nisichosamehe ni miguu. Umenitoa peku mbele ya Bi Nada! Wanawake wetu hawatembei peku!"

Harriet akamshika mabega. "Hivyo hivyo," alisema. "Hivyo hivyo ndivyo walivyosema wale wa tarumbeta."

"Walikuwa na haki yao. Kesho mama yule avae viatu."

Na kesho yake Edna alivaa viatu.

Bi Nada alikuja dukani mwanzo wa wiki na majora ya kitambaa. Humam akakimbilia kumvutia kiti. Bi Nada hakukaa.

"Kazi ni ya Rukiya. Lakini kwa sharti. Usiku wa taarab ya mwanangu atakaa kitini. Hatunzi mtu. Niliyoyaona kule yametosha. Akinyanyuka, mabinti zangu waliobaki wataolewa wamevaa nguo za Sundus."

"Hatanyanyuka," Humam akaapa.

"Sijakuuliza wewe."

Rukiya akaitazama meza yake, jua limeifunika yote. "Sitanyanyuka," akasema, na sauti ilitoka kwa taabu zaidi kuliko alivyotoka mume wa kwanza.

Gauni la bibi harusi lilikaa kama limemwagwa. Bibi harusi aliinua mkono huu, akainua na huu, akakumbatia ukoo mzima, na mikono ikabaki mahali pake. Lakini Sundus alialikwa kama mgeni, na mgeni hapewi sharti. Kila ubeti wenye mwiba ulipopita, Sundus huyo, na noti yake, anapita mbele ya Rukiya polepole kama gari la maharusi, anabinua mdomo, anakwenda kumtunza mwimbaji, anarudi kwa njia ileile. Rukiya alikuwa amekalia viganja vyake.

Pembeni yake alikaa Harriet, mgeni wake, ndani ya dera alilomshonea.

"Anasemaje?"

"Anasema kazi nimeipata kwa bahati."

"Na wewe hujibu?"

"Nimefungwa, madam. Wewe kula sambusa."

Mwimbaji akaingia ubeti mwingine. Rukiya aliusikia ukija kutoka mbali, akaujua. Ubeti wa kumwambia mtu aliyeanguka hadharani kisha akajifanya ameketi. Ubeti wa Sundus na kibanda chake! "Huo," alisema meno yamebana. "Huo ungekuwa wangu."

Harriet akaweka sambusa chini. Akafungua mkoba. Akanyanyuka, mrefu, mwekundu, akaenda mbele akicheza kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo mbili. Watu wakampisha. Alipofika mbele ya Sundus akasimama, akafikiri kidogo, akabinua mdomo. Aliubinua upande usiokuwa wenyewe, lakini ulifika. Kisha akamtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele hata wapishi wakatoka kuangalia.

Bi Nada akageuka haraka kumtafuta Rukiya. Rukiya alikuwa kitini, ametulia, anakula sambusa ya Harriet.

Kesho yake asubuhi alikuwa mezani kwake, juani, anavuta uzi. Akainua macho. Mkabala, kwenye kioo cha ng'ambo, Sundus alikuwa anamimina chai huku mkono mmoja uko kiunoni, mdomo unakwenda kama cherehani, na kwenye kigoda chake ameketi Harriet, shingo imeinama upande mmoja kwa kusikiliza.

Rukiya akatupa sindano, akaufungua mlango wa duka wote, joto la Satwa likaingia lote.

"Bi Rukiya! AC!" Humam akapiga ukelele kutoka ndani.

"Shhh, arbab," Rukiya akasema, sikio liko nje. "Nasikiliza."